Likizo Iliyopangwa na Mama Mkwe

Mume wangu alitangaza safari ya Mombasa jioni moja tukila, nikiwa na mimba ya miezi saba. Aliitangaza kwa binti yetu, si kwangu, kwa sababu alijua binti yetu hangeuliza maswali. Mtoto wa miaka sita aliacha kijiko mezani akakimbia chumbani kutafuta nguo ya kuogelea, ambayo hakuwa nayo.

"Tutaenda wote," mume wangu akasema. "Baba na Mama pia. Tangu nipate akili sijawaona wakipumzika."

Hilo lilikuwa kweli. Wazazi wake wanaishi upande wa Ikonge, huku kwetu Nyamira, kwenye kilima chenye chai mbele na migomba nyuma. Baba mkwe alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Mama mkwe amechuma chai tangu aolewe. Lakini watu wengi wanamjua kwa kazi nyingine, ile ya makambi. Kila Agosti Waadventista wa kwetu hukusanyika kwa wiki nzima, wanalala kwenye mahema, wanasali na kuimba, na lazima mtu awapikie. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa yeye. Mwanamke aliyelisha makanisa kadhaa kwa kuni mbichi huku mvua ikinyesha habahatishi, na aliposikia habari za safari alipiga simu siku iyo hiyo.

"Nani anapanga?" akauliza.

"Mimi, Mama," mume wangu akajibu.

Hata mimi niliyekuwa jikoni nilimsikia akiguna.

Nikiri jambo moja. Mwanzoni sikupenda mama mkwe aingilie. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na Sironga, ambako tumepanga nyumba, na muhula huo ulikuwa umenichosha. Nilitaka niketi mahali penye maji, mtu mwingine apike, nisisikie kengele. Nilitaka likizo, na sasa naona nimeundiwa kamati.

Juma lililofuata aliomba kunisindikiza kliniki. Alikuja amevaa sweta lake la buluu la kanisani, na ndani ya mkoba alikuwa na daftari la mistari, la wanafunzi, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Tuliketi kwenye benchi mpaka zamu yangu ikafika. Nesi alikuwa mama wa makamo aliyetoka sehemu nyingine ya nchi, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Nilimweleza kuhusu Mombasa huku nikitabasamu, kama mtu anayeomba ruhusa na kujifanya anatoa habari.

"Mtasafiri lini?" nesi akauliza.

"Baada ya wiki tatu."

Akaangalia kitabu changu cha kliniki. "Utakuwa wiki ya thelathini na nne. Kwa Mombasa siwezi kukudanganya. Kuketi garini kutwa nzima, miguu inaning'inia, damu inaweza kuganda. Na uchungu ukikuanzia katikati ya mbuga, utamwita nani?"

Nilihisi machozi yakinijia, machozi yale ya mimba yasiyongoja sababu kubwa. Mama mkwe akakohoa kidogo. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kanisani, na huwa anakizungumza kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Sista, nisaidie. Safari ya masaa mawili, kama ya Kisumu, iko na shida?"

"Saa mbili si mbaya, mama. Mkisimama njiani atembee, anywe maji, na kule mnakokwenda kuwe na hospitali karibu. Tena awe hana dalili yoyote ya hatari."

"Hizo dalili ni gani? Sema pole pole, mimi naandika."

Nesi alianza kuzitaja. Kutokwa na damu. Chupa ya maji kupasuka. Mtoto kupunguza kucheza. Kuumwa kichwa kusikoisha. Kuona vimulimuli. Uso na mikono kuvimba. Nilichungulia daftari nikaona mama mkwe haandiki Kiswahili. Alikuwa anageuza kila neno papo hapo na kuliandika kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwa herufi kubwa, neno moja kila mstari. Mimi ninayelipwa kwa kufundisha lugha niliketi nikimtazama mwanamke aliyeishia darasa la saba akitafsiri maneno ya kliniki bila kusita. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuyaacha kama yalivyosemwa.

"Siku ya kuyahitaji sitakuwa na nafasi ya kufikiria Kiswahili," akasema.

Kabla hatujatoka aliuliza swali la mwisho: tukishikwa na shida tukiwa nyumbani, au katikati ya njia, au tukishafika, tuingie wapi kila mara? Nesi alimtajia hospitali tatu zenye chumba cha upasuaji na sehemu ya kulea watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Akaandika zote tatu. Nesi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Huyu mama yako mzazi?"

"Mama wa mume wangu."

"Basi una bahati," akasema, akamwita anayefuata.

Jumapili tulikwenda Ikonge kuamua. Mombasa ilikufa bila mabishano, na Kisumu ikachukua nafasi yake. Binti yetu aliridhika alipohakikishiwa kwamba ziwani kuna mashua, na kwamba viboko wapo ila hatutaogelea nao. Mume wangu akatoa simu kwa furaha na kutuonyesha nyumba aliyoipata, nyumba safi ya vyumba vitatu, yenye jiko na baraza inayotazama maji.

"Chumba chetu, chumba cha mtoto, chumba cha Baba na Mama," akahesabu.

Baba mkwe aliinuka taratibu, akasema anaenda kumtazama ng'ombe. Alikuwa ametoka kumtazama sasa hivi.

Kwetu kuna adabu tunayoiita chinsoni. Ndiyo inayoweka nafasi kati ya baba mkwe na mkaza mwana. Hawapeani mikono, hawaingiliani vyumbani, hawalali chini ya paa moja. Mume wangu hakuwa amesahau. Aliona tu kwamba likizo ni likizo.

"Nyumba ni nzuri," mama mkwe akasema. "Baba yako atalala wapi?"

"Mama, siku hizi watu wanaishi kwenye maghorofa. Mkwe juu, mkwe chini."

"Hao ni wao."

Nilitazama sakafu. Nilijua ikiwa safari itavunjika, itakuwa imevunjika kwa ajili yangu mara ya pili. Lakini mama mkwe hakuwa na nia ya kuvunja kitu. Aliuliza kama wenye nyumba hawana nyingine ndogo katika boma lile lile. Mume wangu akapiga simu, akaambiwa kuna chumba kimoja nyuma, chenye choo chake na mlango wake. Yote yakaisha kwa muda wa kumenya ndizi mbili. Kisha mama mkwe akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini:

"Si kwa ajili ya mzee peke yake. Na wewe uende bafuni na leso yako kifuani bila kuogopa kukutana na mtu."

Miaka yote niliyokuwa nimeolewa nilidhani adabu ile ipo kumlinda baba mkwe dhidi yangu. Haikunijia kwamba inanilinda mimi pia.

Jioni hiyo mama mkwe alinionyesha daftari. Nilitarajia ukurasa wa kwanza uwe wa chakula, au wa mambo ya kubeba. Juu aliandika "Njia ya kurudi." Chini yake kulikuwa na jina la dereva, tena jina la dereva wa pili kama wa kwanza hatapatikana, zile hospitali tatu, kundi langu la damu, na mtu wa kumkamulia ng'ombe na mwingine wa kumchumia chai endapo safari itazidi siku nne.

"Kwa nini unaanza na kurudi?" nikauliza.

Akaniambia juu ya makambi ya mwaka mmoja, upande wa Marani, ambako kwa bahati ndiko nilikozaliwa. Mama mmoja alishikwa na uchungu katikati ya mahubiri. Walikuwa na sufuria za kutosha, blanketi za kutosha, waimbaji wa kutosha. Gari halikuwapo. Wanaume walimbeba kwenye kiti cha mbao kwa zamu mpaka barabarani, na kwa neema alijifungua salama.

"Lakini mimi nilikuwa nyuma nimebeba taa na leso," akasema, "na njia nzima nilikuwa najiuliza, nimepanga chumvi ya watu mia tatu, nikasahau namna ya kutoa mtu mmoja. Tangu hapo naanza na kutoka."

Siku ya safari gari liliwachukua wakwe zangu Ikonge asubuhi, kisha likaja Sironga. Nilikuwa nimevaa dera la kijani na viatu vya wazi, kwa sababu vile vingine vilikuwa vimekataa kuingia. Tangu jana yake kichwa kilikuwa kinaniuma juu ya macho. Nilijiambia ni kusahihisha mitihani. Pete ya ndoa nilikuwa nimeivua kwa sabuni na kuiweka kwenye kabati, na hilo pia nilijiambia ni joto, ingawa Agosti ya Nyamira haina joto la kumsingizia. Sikumwambia mtu. Binti yetu alikuwa amelala na mkoba wake mgongoni. Ningewezaje?

Mama mkwe alishuka kunipokea mfuko. Vidole vyake viligusa vyangu, akaacha mfuko, akashika mkono wangu na kuugeuza.

"Pete iko wapi?"

"Ilikuwa inanibana, Mama."

Akabonyeza kidole gumba juu ya mguu wangu, karibu na kifundo. Shimo lilibaki pale, halikujaa.

"Kichwa?"

Niligusa paji la uso. Mume wangu aliyekuwa anafunga mizigo akageuka. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alitoa daftari, akafungua ule ukurasa wa herufi kubwa, akaupitia kwa kidole mstari kwa mstari, kama anayesoma Neno mbele ya watu. Kisha akalifunga.

"Dereva, hatuendi Kisumu. Tunaenda Kisii, hospitali."

"Mama, labda tupite kliniki ya hapa tu wampime," mume wangu akasema. "Kama si kitu tuendelee."

"Kama si kitu, watatuambia huko huko Kisii, tutakunywa chai turudi. Ziwa halitahama."

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilipanda gari nikalia kwa hasira, nikitazama mashamba ya chai yakipita upande usio wetu, na binti yetu akauliza mara tatu kama Kisii kuna viboko. Baba mkwe aliketi mbele kando ya dereva, shingo imenyooka, hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipokuwa tunakaribia mji alisema, akimwambia dereva lakini kwa sauti ya kutufikia sote, "Nenda upesi, lakini usimrushe kwenye matuta."

Pale hospitalini walinipima shinikizo la damu, wakapima tena kwa mashine nyingine. Daktari kijana akaangalia majibu ya mkojo akauliza ni nani aliyenileta. Nilimwonyesha mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni amekumbatia mkoba wake.

"Mama, umefanya vizuri," akamwambia. "Angesafiri leo, angeweza kupata kifafa cha mimba barabarani."

Yeye akaitikia kwa kichwa tu, kama aliyeambiwa saa. Kisha akauliza ni wapi atapata maji ya moto.

Walinidunga sindano zilizowaka mwilini kama pilipili, na nyingine za kukomaza mapafu ya mtoto. Walitumaini kungoja. Siku ya tatu wakasema hakuna tena kungoja, wakanipeleka chumba cha upasuaji, na mchana huo huo nikasikia kilio chembamba sana, kama cha paka aliyefungiwa kabatini. Mvulana, pungufu kidogo ya kilo mbili.

Muda ule ndipo nilipoelewa alichokuwa amepanga mwanamke yule. Katika mizigo ya likizo kulikuwa na leso nne mpya, nguo za mtoto, soksi, kofia mbili ndogo alizozifuma mwenyewe, chupa ya chai, kikombe na kijiko. Kule Ikonge ng'ombe alikuwa na mkamuaji na chai ilikuwa na mchumaji. Hakuhitaji kurudi kupanga lolote. Alichukua chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, mzee akachukua kingine, akaanza kazi.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Marani na ndizi kikapu kizima. Na hapo palikuwa na ugumu mwingine, kwa sababu chinsoni inamhusu pia mume wangu na mama yangu. Hawapaswi kugongana kwenye ujia mwembamba wa wodi, mmoja akitoka na beseni. Mama mkwe aliwapangia zamu. Asubuhi mama yangu, saa ya chakula mume wangu, alasiri yeye mwenyewe. Akamweleza hata nesi wa zamu, ambaye baada ya siku mbili alikuwa anawakumbusha mwenyewe. "Mama wa Marani, mkwe wako yuko ngazini," angesema, na mama yangu angepita mlango wa pili bila haraka, heshima ya kila mtu ikiwa mahali pake.

Mtoto alitakiwa alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, ili apate joto. Siku za kwanza mshono ulikuwa unaniuma na nilichoka upesi. Nesi aliposema mtu mwingine wa familia anaweza kusaidia, mama mkwe alikwishaanza kufungua vifungo vya sweta. Walimfunga mtoto kifuani kwake kwa leso. Mikono ile yenye madoa meusi ya utomvu wa chai, ambayo nilikuwa nimeizoea kuiona ikienda haraka, ilitulia kabisa. Aliketi hivyo saa nyingi bila kuegemea. Nilipoamka nilimkuta anamnong'oneza kwa Ekegusii habari za nyumbani: nani ameoa, mvua imefikia wapi, dada yake anamngoja na maswali mengi. Hakumwimbia. Alimpa habari tu, kama mtu mzima aliyechelewa kufika.

Baba mkwe hakuingia wodini hata siku moja. Kila asubuhi aliketi kwenye benchi la nje na mjukuu wake, ambaye alimwita sokoro, yaani babu, kisha mzee akamtembeza mji mzima. Walikula maandazi, walihesabu magari, alimfundisha kusoma mabango. Kila siku alimuuliza mwanawe swali moja, "Ameamkaje?" na hakuondoka benchini kabla ya kupata jibu.

Siku ya saba niliambiwa nitembee. Nilijikokota mpaka mwisho wa ujia, nimeshika ukuta, na nilipofika mlango wa nje nikamwona baba mkwe mita chache mbele yangu. Naye akaniona. Aligeuza uso upande, kama inavyompasa, akatazama ua. Nilisimama, sikujua nirudi au nimsalimu. Alivua kofia.

"Asante, mama," akasema, akiyaelekea maua ya bougainvillea. "Umechoka kwa ajili yetu."

Ni maneno mengi kuliko aliyokuwa ameniambia kwa mwaka mzima. Nilijibu, "Asante, Baba," nami nikitazama maua yale yale, kisha nikarudi kitandani nikalia tena, mara hii bila hasira.

Tuliruhusiwa baada ya wiki mbili na siku kadhaa, mtoto akiwa amejifunza kunyonya mwenyewe. Mama mkwe alikuja nasi Sironga akakaa mwezi mzima. Alinipikia uji wa wimbi, alimwosha mtoto, alimfundisha binti yetu kukunja nepi. Nilimwambia siku moja kwamba nilimchukia asubuhi ile garini. Alikuwa anachambua mboga.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa umevuta mdomo hivi." Akauvuta mdomo wake, na tukacheka mpaka nikashika mshono.

Siku ya kuondoka alikataa asindikizwe. Alijifunga leso, akachukua mkoba wake, akaniachia maagizo ya dawa, ya uji na ya kulala mchana. Nilimfuata mpaka mlangoni nikiwa na mtoto mkononi, na hotuba kichwani. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kuandika insha nilikuwa nimeitunga tangu alfajiri. Nilianza kwa kumwita Mama, nikakwama hapo hapo.

Alinitazama kidogo, akamrekebishia mtoto kofia.

"Funga mlango," akasema. "Unamwingizia baridi."

Kisha akashika njia ya kwenda barabarani, kwa mwendo wake wa haraka, kwa sababu ilikuwa siku ya kuchuma.